Kipimo Kilisema Nina Mimba

Ninaandika kwa ajili ya mwanamke aliyeambiwa ana mimba, naye moyoni anajua kwamba hana. Huenda hujapata kumsikia mwingine wa namna yako. Sisi tuliopita njia hii si wengi, na baadhi ya wenzangu hawakupata nafasi ya kusimulia. Mimi nimeipata. Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa, mbele kidogo ya Mollo, na nilizoea kuandika ubaoni kwa herufi kubwa ili hata mwenye macho hafifu asome. Nitajaribu kuandika hivyo hivyo hapa.

Jina langu ni Skolastika, nyumbani wananiita Skola. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na mtoto mmoja, Tekla, aliyekuwa na miaka minne. Mume wangu, Kasiano, ni mwashi. Tuliishi jirani na mama yake, mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye darasani kwangu alikaa mstari wa mbele na kuwakemea wanaochelewa kabla mimi sijafungua mdomo. Tulipatana. Ninalisema hili mapema, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya msomaji amchukie, na mimi simchukii.

Mimba yangu ya pili ilikwenda mbio. Mwezi wa tatu nilikuwa na tumbo la mwezi wa sita. Mama mkwe alifurahi, akasema ni mapacha. Mimi nilikuwa natapika hata maji. Septemba, watu wakichoma nyika na moshi umetanda kila upande, nikaanza kutokwa na damu. Kasiano alinikalisha nyuma ya baiskeli juu ya gunia lililokunjwa, akanikokota mpaka hospitalini mjini. Kilichotoka hakikuwa mtoto. Vilikuwa vifuko vidogo vya maji, vingi mno, vimeshikana vichala vichala. Waganga wanaiita mimba zabibu. Mimi sikuwa nimewahi kuona zabibu, mimi niliona mayai ya chura. Mama mkwe alikuwa amebaki kijijini na Tekla, lakini Kasiano alikuwepo. Walimpa ndoo iliyofunikwa, akachimba shimo nyuma ya wodi, akavifukia mwenyewe.

Siku ya kuruhusiwa, bwana mganga alinikalisha chini. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, anayezungumza polepole kana kwamba anaandika.

“Kila mwezi uniletee mkojo wa asubuhi katika chupa safi,” alisema. “Kila mwezi, mpaka mwaka uishe. Hata ukijiona mzima.”

Nikaitikia. Sikwenda hata mara moja.

Ningependa mstari huo usomwe mara mbili. Sikwenda kwa sababu nilijiona mzima. Oktoba Kasiano aliondoka kwenda kwenye ujenzi wa reli ya Zambia, ambako Wachina walikuwa wanatafuta waashi. Mvua zikaanza. Shamba la kijiji lilitaka mikono, darasa lilitaka mwalimu, na kuonekana njiani na chupa ya mkojo wakati wenzangu wameshika majembe niliona aibu. Aibu hiyo nusura inigharimu mapafu yote.

Februari tulikuwa tunainua ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo sisi Wafipa tunafukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea. Kazi niliyoifanya tangu utoto ikanishinda. Nikiinua jembe mara tatu napumua kama niliyepanda mlima. Nikaanza kukohoa. Matiti yakajaa yakauma. Asubuhi nilitapika, na damu ilikuja kidogo kidogo bila kufuata mwezi. Siku moja nilikohoa shambani, nikaona wekundu kiganjani.

“Hicho ni kifua kikuu,” mama mkwe akasema. Alinipokonya jembe, akanifunga khanga yake nzito kifuani, na kesho yake akanipeleka mjini yeye mwenyewe.

Anayeumwa kwa muda mrefu hujifunza mabenchi. Benchi la hospitali ile lilikuwa refu, na watu walisogea juu yake taratibu kuelekea mlangoni. Wanaokohoa tuliambiwa tukae mwisho, kwenye upepo. Tulitoa makohozi siku tatu mfululizo, tukilala kwa ndugu wa mama mkwe mtaa wa Katandala. Majibu yakawa mazuri, hakuna kifua kikuu. Yule bwana mganga wangu alikuwa safarini vijijini, na aliyekuwepo ni kijana mgeni ambaye hakunijua. Aliposikia natapika asubuhi, akaomba mkojo. Baada ya saa moja akatoka barazani na karatasi.

“Hongera, dada,” akasema. “Kifua tutaendelea kukitafuta, lakini una mimba.”

Mama mkwe alikuwa amekaa kando yangu. Hakupiga kelele. Alikunja kidole cha kwanza, cha pili, mpaka cha tano.

“Kasiano ameondoka Oktoba,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

Akamgeukia kijana. “Mimba hiyo ina muda gani, mwanangu?”

“Kwa tumbo hili bado changa, mama. Miezi miwili, pengine mitatu.”

Kijana hakujua alichokuwa anakisema, na sijamlaumu. Mama mkwe alisimama, akachukua kikapu chake. “Usirudi kwangu,” akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa. “Mtoto wa Kasiano nitamlea mimi.” Akaondoka kwa njia ya Mollo bila kugeuka.

Nilibaki benchini. Utadhani nililia, lakini kilichonipata kilikuwa kibaya kuliko kilio. Nilianza kujishuku. Nilijiuliza kama mwanamke anaweza kupata mimba bila mwanamume, au kama kuna siku niliyoisahau. Mwili wangu wote ulikuwa unasema ndiyo: matiti, kichefuchefu, ulimi usiotaka chumvi. Mimi peke yangu ndiye niliyesema hapana.

Nilikwenda mtaa wa Kizwite kwa Bi Salma. Ukoo wao ulikuwa na duka na lori lililokwenda Tunduma na Mbeya, na yeye alizoea kuja kijijini kwetu kununua maharage na ulezi. Hatukuwa ndugu, wala dini yetu haikuwa moja, lakini sikuwa na mlango mwingine wa kubisha mjini. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Umelala na mtu?” akauliza.

“Hapana.”

“Basi kaa ule.”

Hakuuliza tena. Nimesikia maneno mengi ya faraja tangu siku ile, na hayo ndiyo ninayoyakumbuka.

Bwana mganga aliporudi, alipitia daftari, akaona jina langu na neno “mimba” mbele yake, akatuma watu kunitafuta. Alinipiga picha ya kifua, akaishikilia dirishani. Mapafuni mwangu mlikuwa na madoa ya mviringo, meupe, mengine makubwa kama viazi vidogo.

“Mwalimu, hukuleta mkojo,” alisema.

“Sikuleta.”

“Tumekwisha kukosa hilo, tusilikose linalofuata.” Akaiweka picha mezani. “Mimba inapotunga, kondo hutuma habari kwenye damu. Huuambia mwili uzuie siku zako, ulete damu tumboni, uandae maziwa. Habari hiyo ni protini.”

“Protini si maharage?” nikamwuliza. “Ndivyo ninavyowafundisha akina mama.”

Alitabasamu. “Za maharage ni za kujenga mwili. Hii ni jamii yao, ila kazi yake ni kupeleka habari. Zile chembe zilizobaki baada ya zabibu zako zimegeuka kansa. Hazina mtoto, lakini zinatuma habari ile ile, na kwa wingi. Mwili unatii. Unazipelekea damu, zinakua, na zikikua zinatuma nyingi zaidi.”

“Basi kipimo kimesema uongo.”

“Hapana. Kilisema kweli kwamba habari ipo. Sisi ndio tuliosema imetoka kwa mtoto.”

Nilimwuliza kama nitakufa. Hakutazama pembeni, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. “Ugonjwa huu unakimbia,” akasema. “Lakini katika kansa zote ninazozijua, huu ndio unaosikia dawa kuliko zote. Dawa iko Dar es Salaam. Ukifika mapema, nina matumaini makubwa.” Kisha akaongeza: “Na habari hiyo hiyo inayokuharibia jina ndiyo itakayotusaidia. Ikipungua mkojoni, tutajua chembe zinakufa.”

Nilitoka pale nikiwa na kansa, na nilikuwa na nafuu. Najua ni jambo la ajabu kuandika. Lakini nilikuwa nimeingia kama malaya, nikatoka kama mgonjwa, na mgonjwa ana njia ya kwenda.

Lori la Bi Salma lilipata njia ya kupita Aprili, likanichukua, barabara ikiwa bado tope tupu. Siku mbili mpaka Tunduma, mimi nimekaa kwa dereva na bahasha ya picha mapajani. Kambi ya Kasiano ilikuwa karibu na Tunduma wakati huo, na dereva alikuwa ametuma habari. Tulimkuta amesimama kando ya barabara, vumbi la saruji nyusini, na kabla ya salamu akanipa karatasi.

Ilikuwa barua kutoka kwa mama yake. MKEO ANA MIMBA SI YAKO. TEKLA YUKO KWANGU. MAMA. Herufi kubwa, zimekaa sawasawa juu ya mstari. Alikuwa ameiandika mwenyewe. Ilikuwa barua yake ya kwanza maishani, na mimi ndiye niliyemfundisha kushika kalamu. Kama mwalimu niliona kwamba hakukosea hata herufi moja.

“Sema wewe,” Kasiano akaniambia. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Ni zile zabibu,” nikasema. “Zimebaki. Zimepanda kifuani. Kipimo kinadhani ni mimba.”

Lori la kifusi lilipita, tukasogea pembeni. Nilimwona anafikiri, na sikumsaidia, maana kuna mambo mtu lazima ayafikie mwenyewe.

“Nilizifukia kwa mikono hii,” akasema mwishoni. “Wakati ule nilijiuliza, kitu hiki kina mizizi au hakina.” Akachukua bahasha yangu. “Ngoja niombe ruhusa kwa msimamizi.”

Alinisindikiza kwa basi mpaka Dar es Salaam. Ninajua wanawake ambao waume zao hawakuwa wameona ndoo ile, na safari yao ilikuwa nyingine. Kwa hiyo kama wewe ni mume na unasoma haya: ingia, uone, usisubiri kuhadithiwa nje ya mlango.

Miezi mitano ya Dar es Salaam niliihesabu kwa sindano. Siku tano za sindano, kisha mapumziko ya siku kumi hivi mpaka damu irudi, kisha tano tena. Nilifika wakati wa masika, nguo hazikauki na mbu hawashibi. Mimi mtu wa nyanda za juu, niliyezoea kulala na blanketi mbili, nilikaa kitandani nikitiririka jasho. Mzunguko wa kwanza haukunifanya lolote, nikajiona shujaa. Wa pili ulinitoa vidonda mdomoni, hata mate yakawa kama pilipili. Wa tatu ulichukua nywele. Zilitoka zote karibu kwa mara moja, kama manyoya ya kuku aliyetiwa maji ya moto. Ngozi yangu ikawa nyeusi kuliko niliyozaliwa nayo. Nilipopita mbele ya dirisha la ofisi nilimwona mzee mmoja mwembamba, nikampisha, kisha nikatambua kwamba ni mimi.

Kitanda cha jirani alilala mwanamke kutoka Kilwa, Mama Hidaya, mwenye ugonjwa huo huo. Alinitangulia kwa mizunguko miwili, na alinifundisha yote ambayo hayaandikwi kwenye cheti. Uji unywe ukiwa umepoa kabisa. Dafu linakubalika wakati hakuna kingine kinachokubalika. Chumvi kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, sukutua kabla ya kula na baada ya kula, hata kama inauma. Usijitazame kwenye kioo siku ya nne ya sindano.

Kila Jumatatu tulipeleka chupa zetu maabara. Kwetu wawili, kipimo cha kawaida hakikutosha, kwa maana habari ilikuwa nyingi mno. Walikuwa wanauzimua mkojo kwa maji mara kumi, mara mia, mara elfu, kisha wanapima. Mwanzoni, wangu uliozimuliwa mara elfu bado ulisema mimba. Mwezi wangu wa pili pale ukakoma kwenye mia. Tukawa tunaulizana asubuhi badala ya kusalimiana: “Umekomea wapi?” Mimi nilikuwa nashuka. Mama Hidaya alishuka, akasimama, kisha akaanza kupanda.

Alifariki Julai. Alikuwa amezunguka mwaka mzima kutibiwa kifua kikuu ambacho hakuwa nacho, mpaka ugonjwa ukafika kichwani. Simtaji ili kukutisha. Namtaja kwa sababu alikuwa hodari kuliko mimi na alichomwa dawa zile zile, na tofauti kati yetu ilikuwa miezi. Kama umetokwa na mimba ya namna hii na unakohoa, usikubali kuondoka hospitalini bila mtu kupima mkojo wako.

Agosti mkojo wangu haukusema kitu, hata bila kuzimuliwa. Wiki iliyofuata haukusema kitu, na ya tatu pia. Waliongeza mizunguko miwili ya sindano ili kuwa na hakika, wakapiga picha mpya ya kifua, wakanipa hiyo na ile ya zamani katika bahasha moja, pamoja na masharti. Mkojo kila mwezi kwa miaka miwili. Na miaka hiyo miwili, nisishike mimba kabisa, kwa sababu mimba ya kweli na ugonjwa vinatuma habari ile ile, na wasingejua wanasoma ipi.

Kasiano alipata likizo, tukarudi pamoja. Tekla alikuwa uani kwa bibi yake anapepeta ulezi kwenye ungo mdogo. Aliniangalia, akamwangalia baba yake, akauliza, “Huyu babu ni nani?” Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, lakini si hilo. Nilipoongea aliitambua sauti, ila ilichukua siku kadhaa kabla hajakubali kukaa mapajani.

Mama mkwe alinitazama kutoka kichwa mpaka miguu. Nikamsalimu, “Shikamoo, mama.” Hakuitikia. Alimwambia mwanawe, “Naona amekwenda kuitoa.”

“Mama,” Kasiano akasema, “kesho tunakwenda kwa bwana mganga. Ukamwambie yeye maneno hayo.”

Alikuja, na naamini alikuja kwa ajili ya kugomba. Njia nzima alitembea mbele yetu. Bwana mganga alimpa kiti, akachukua bahasha, akaishika picha ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha. Alimwonyesha mbavu, moyo, kisha yale madoa.

“Hii ni nini?” mama mkwe akauliza.

“Hiyo ndiyo mimba uliyoambiwa.”

Alisogea. Alihesabu madoa kwa kidole, bila kugusa. “Iko kifuani.”

“Iko kifuani, mama.”

Bwana mganga akainua picha ya pili. Mbavu zile zile, moyo ule ule, na mapafu meusi safi, isipokuwa makovu mawili madogo. Mama mkwe alizitazama zote mbili kwa zamu. Kisha akasema, polepole, kama anavyosoma ubaoni: “Mtoto hakai kifuani.”

Hakuniomba radhi siku hiyo, wala nyingine yoyote. Watu wa rika lake hawamwombi radhi mkwe. Lakini mwezi ulipotimia, asubuhi nikiwa najiandaa kwenda mjini, alikuja mlangoni na kikapu.

“Nipe chupa,” alisema. “Wewe una darasa.”

Tangu hapo aliipeleka yeye. Alikuwa akiifunika kwa majani ya maboga, lakini njiani akiulizwa amebeba nini, alijibu bila kupunguza sauti: “Mkojo wa mkwe wangu. Anapimwa kansa.” Neno ambalo mimi niliogopa kulitamka, yeye alilitembeza kutoka Mollo mpaka mjini. Baada ya miezi michache, wanawake wawili walinijia kwa wakati wao kuniuliza habari za damu zao, na mmoja wao alikuwa na sababu ya kuuliza.

Alijifunza hata kusoma kipimo. Bwana mganga alimruhusu asimame akiangalia: tone la mkojo kwenye kioo cheusi, tone la dawa, kisha tone jeupe kama maziwa, unatikisa taratibu. Yakiganda vipande vipande kama maziwa yaliyochacha, hakuna habari ya mimba. Yakibaki laini, ipo. Jioni nilikuwa namsikia kabla sijamwona, akiniita kutoka njiani: “Yameganda.” Nami nikaishi kwa neno hilo mwezi mwingine.

Nywele zilirudi na mvua za Novemba, laini kuliko za kwanza. Februari nikashika jembe tena, nikainua ntumba moja na kupumzika, mbili na kupumzika. Reli ikapita Tunduma, kazi ya waashi ikapungua, na Kasiano akarudi nyumbani. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu kwa namna nyingine. Nilikuwa nameza vidonge vya kuzuia mimba, katika kijiji ambacho mwanamke wa mtoto mmoja huulizwa kila Jumapili anangoja nini. Kuna siku Kasiano aliudhika na maneno ya wenzake, akalala kwa mama yake. Asubuhi mama yake alimrudisha, akimtangulia njiani kama anayerudisha mbuzi, akasema, “Huyu ni wako. Mimi nilikwisha kumlea.”

Mwaka wa pili, dawa ya kipimo iliadimika. Mama mkwe alirudi jioni bila kuita. Nilikaa jikoni nikijua nimekufa. Kumbe chupa alirudi nayo imejaa, dawa imekwisha huko mjini na haijulikani italetwa lini. Ya mwezi uliofuata ilisafiri kwa lori la Bi Salma mpaka Mbeya, na majibu yakaja na gunia la sukari: yameganda.

Miaka miwili ilipotimia, bwana mganga alifunga daftari langu. “Sasa ni hiari yenu,” alisema.

Ilichukua miezi saba. Siku zangu zilipochelewa, mama mkwe alichukua chupa kama kawaida, ingawa hakuna aliyemtuma. Jioni alikuja mpaka uani kabla ya kusema.

“Hayajaganda.”

Tulitazamana. Kwa mwanamke mwingine yeyote hiyo ingekuwa habari njema. Kwangu ilikuwa habari tu, na mwenye kuituma hatukumjua. Matiti yalijaa, kama yalivyojaa zamani. Asubuhi nilitapika, kama nilivyotapika zamani. Kila nilipokohoa, Kasiano aliacha anachofanya. Bwana mganga alinipima tumbo kila wiki mbili kwa vidole vyake, akasema halikimbii, linakwenda kwa mwendo wake. “Lakini sitakwambia neno mpaka nisikie mwenyewe,” alisema, na nilishukuru kwa sababu sikutaka kuambiwa kwa kubahatisha.

Tumbo lilipofika mwezi wa tano, tulikwenda sisi watatu. Kasiano alikaa nje kwenye benchi. Mama mkwe aliingia nami. Nilijilaza, bwana mganga akachukua kipaza cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, akaweka upande mpana tumboni kwangu na sikio lake upande wa pili. Akahamisha. Akahamisha tena. Kisha akatulia, akashika mkono wangu kupima mapigo yangu, ili awe na hakika kwamba hausikii moyo wangu.

Aliinuka. Alimpisha mama mkwe, akamwonyesha mahali pa kuweka sikio.

Mama mkwe aliinama, kilemba kikamdondoka, hakukiokota. Nilihisi joto la pumzi yake tumboni kwangu. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Alikaa hivyo mpaka mlango ukafunguliwa na muuguzi akachungulia, na nje tukasikia benchi likilalamika.

“Mama,” bwana mganga akasema kwa upole, “kuna wengine wanasubiri.”

Hakuinua kichwa. “Wasubiri,” akasema.